Mende ndani ya nyumba: maswali ninayoulizwa, na kosa ninaloomba mliache

Mimi ni mhudumu wa afya. Mende wenyewe hawajawahi kuniletea mgonjwa mahututi. Dawa ya kuwaua imeniletea, tena watoto. Ndiyo maana majibu yangu hapa yanaegemea upande mmoja.

Mende wanaleta ugonjwa gani?

Mende hutoka chooni na kwenye mfereji wa maji machafu, kisha hupita juu ya sahani na chakula kilichoachwa wazi. Miguuni na tumboni hubeba vijidudu vya kuhara, salmonela wakiwemo. Lakini kuna jambo watu hawalitilii maanani: pumu. Kinyesi cha mende, mate yake na maganda anayojivua hukauka na kuwa vumbi, na vumbi hilo humbana kifua mwenye pumu. Mtoto wako akikohoa na kukoroma kifua kila usiku, mpeleke apimwe, na umwambie anayempima kwamba nyumbani mna mende.

Mbona napuliza dawa kila wiki na hawaishi?

Kwa sababu unaua waliojitokeza tu. Wale wadogo wa kahawia wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa ndio wasumbufu wakubwa wa majikoni. Jike mmoja hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na hukishikilia hadi yanapokaribia kuanguliwa. Dawa ya kupuliza haipenyi kifuko hicho kwa urahisi. Ukiona mende wakitembea mchana, ujue huko wanakojificha pamejaa.

Basi nitumie dawa kali zaidi, ile ya shambani?

Hapana. Nyingi za dawa hizo, hasa zile za kundi la oganofosfeti, huua mdudu kwa kuvuruga mfumo wake wa fahamu, na mfumo wa fahamu wa mtoto wako huvurugwa kwa njia hiyohiyo. Zimetengenezwa kwa mimea iliyo nje penye hewa, si kwa jiko ambalo mtoto anatambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni.

Kibaya zaidi ni namna zinavyoingia nyumbani: zimepimwa kidogo na kutiwa kwenye chupa ya soda au ya maji, bila lebo, kisha zinawekwa chini ya sinki. Nimempokea mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa funda mbili. Alifika shati limelowa mate na jasho, misuli ya mashavu ikichezacheza, mboni za macho zimesinyaa hadi kuwa kama tundu la sindano. Mama yake alikuwa ameshika chupa, bado ina karatasi ya soda. Nikamuuliza alikunywa saa ngapi. Ilikuwa imepita zaidi ya saa moja. Nikauliza walikuwa wakifanya nini muda wote huo.

Walikuwa wakimnywesha maziwa.

Kwani maziwa hayakati sumu?

Hayakati. Naomba hili lisomwe mara mbili: maziwa hayakati sumu ya wadudu. Wala mafuta ya kula, wala yai bichi, wala mkaa uliosagwa nyumbani. Mtoto aliyeanza kulegea akinyweshwa maziwa, yanaweza kumpalia na kuingia mapafuni, na hapo umemwongezea tatizo la pili.

Je, nimtapishe kwanza?

Usimtapishe. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi. Dawa nyingi za maji huchanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Yakirudi juu huingia mapafuni na kuyaunguza. Na mtoto anaweza kushikwa na degedege katikati ya kutapika.

Lakini amekunywa kidogo tu, na anacheza. Si ningoje nione?

Usingoje. Dalili huweza kuchelewa, na zikianza hazikupi nafasi ya kutafuta usafiri. Dawa ya kupambana na sumu hii, atropini, iko hospitali, haiko jikoni kwako. Kila dakika ya maziwa ni dakika aliyokosa atropini na oksijeni. Samahani kwa ukali, lakini nimechoka kuuliza "mlikuwa mkifanya nini" na kujibiwa jambo lilelile.

Sasa nifanye nini hasa?

Mtoe penye dawa. Mvue nguo zilizomwagikiwa na umwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, kwa sababu sumu hupita kwenye ngozi pia. Wewe vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi kwa dakika 15. Haya yafanye huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Akiwa amelegea, mlaze kwa ubavu. Njoo na chupa yenyewe, au angalau jina la dawa.

Mende niwaondoe vipi, basi?

Anza na maji. Mende huvumilia njaa kuliko kiu, kwa hiyo tengeneza bomba linalovuja na ukaushe sinki kila usiku kabla ya kulala. Funika chakula na takataka, ziba nyufa, toa maboksi ya karatasi yaliyorundikwa. Wanapenda kujificha humo.

Kisha tumia dawa ya jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya majumbani. Weka matone madogo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji na mahali pengine ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mende akila hafi papo hapo. Hurudi mafichoni, na wenzake wakila kinyesi chake na mzoga wake nao wanakufa. Usipulize dawa nyingine karibu na jeli, watalikwepa tone. Rudia baada ya wiki chache, maana mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa.

Dawa yoyote ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, kabatini, juu, pamefungwa. Ile uliyo nayo sasa hivi kwenye chupa ya soda, kaiondoe leo. Usiimwage kwenye sinki wala mtoni. Ifunge vizuri, iandike SUMU kwa herufi kubwa, uiweke chini ya kufuli na uulize ofisi ya afya ya eneo lako inapopokelewa.

Mende ameingia sikioni. Nipulize dawa?

Jamani, hapana! Wala mafuta ya taa, wala njiti. Kama sikio halitoi usaha na ngoma yake ya ndani haijawahi kutoboka, dondoshea mafuta ya kula yenye uvuguvugu ili afe, kisha uje tumtoe.