Mieloma sugu ni nini?

Mieloma ni saratani ya seli za plazima, zile zinazokaa kwenye uboho wa mifupa na kutengeneza kingamwili. Zikiharibika huzaana ovyo na kumwaga katika damu protini isiyo na kazi, huku mifupa ikiliwa, figo zikielemewa na damu ikipungua. Tiba huutuliza ugonjwa, pengine kwa miaka, lakini kwa wengi haiung'oi.

Ukiamka baada ya kutulia, tunasema umerudi. Usugu ni jambo jingine: dawa haikufua dafu tangu mwanzo, au ugonjwa umesonga mbele mgonjwa akiwa bado anaitumia, au ndani ya siku 60 tangu dozi ya mwisho.

Chukua wagonjwa wawili wa lenalidomidi, dawa ya vidonge ya mieloma. Mmoja aliiacha miaka miwili iliyopita akiwa ametulia, sasa protini imeanza kupanda. Mwenzake anameza vidonge vyake siku 21, anapumzika 7, anaanza tena, haruki hata siku moja, na protini inapanda vilevile. Wote wawili ugonjwa umewarudia, ila mwenye usugu ni huyu wa pili. Yule wa kwanza huenda akapewa dawa ileile na ikamfaa. Huyu itabidi abadilishiwe. Ndiyo maana mimi huona tarehe ya kuacha dawa ni ya kuandikwa daftarini, maana ukiulizwa baada ya miaka mitatu hutaikumbuka.

Usugu huzuka kwa sababu seli za mieloma hazilingani. Dawa huua zinazoisikia, zilizonusurika ndizo zinazozaana. Kwa hiyo madaktari huchanganya dawa tatu au nne za makundi tofauti.

Mgumu zaidi kutibu ni yule ambaye makundi yote matatu makuu yamemshinda: la bortezomibu, la lenalidomidi na la daratumumabu. Kwake zipo seli za CAR-T, zilizoidhinishwa Marekani 2021: seli za kinga za mgonjwa mwenyewe hutolewa, hufundishwa maabara kuitambua BCMA, protini iliyo juu ya seli za mieloma, kisha hurudishwa mwilini. Dawa ya teclistamabu, ya 2022, hushika BCMA kwa mkono mmoja na seli ya kinga kwa mwingine, ikazikutanisha. Homa kali siku za mwanzo ni kawaida, na maambukizi hunyemelea kwa miezi. Hata hapo seli nyingine za mieloma huivua BCMA zikaponyoka. Ndipo 2023 ikaja talquetamabu, inayolenga protini nyingine kabisa, GPRC5D.