Kutengeneza Meza ya Bustani Itakayostahimili Mvua za Mbeya

Meza nyingi za nje ninazoletewa kukarabati huwa bado nzima katika mbao za juu, ilhali miguu imeoza kuanzia chini na mtambaa unaobeba mbao hizo umelainika pale ulipoungwa. Mbao haiozi kwa sababu imenyeshewa, bali kwa sababu imekaa na maji muda mrefu. Kuvu wanaoozesha mbao hushindwa kustawi unyevu wake ukibaki chini ya asilimia 20 hivi, na kwa hiyo kazi kubwa ya fundi ni kuhakikisha kwamba kila tone linaloingia linapata njia ya kutoka. Huku kwetu, mvua inapoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, jambo hilo si la kupuuzwa.

Mninga ni mti bora kwa kazi hii, lakini bei yake ni kubwa, na wengi wetu tunanunua paini ya Mufindi, hasa ile inayotoka katika shamba la miti la Sao Hill. Paini haina kinga ya kutosha dhidi ya kuoza, ila ikijengwa vizuri na kutunzwa hudumu. Wateja hukataa mbao zenye madoa ya buluu wakidhani zimeoza; madoa hayo huletwa na kuvu wa aina nyingine ambao hawapunguzi nguvu ya mbao kwa kiasi cha kutisha, ingawa yanaonyesha kwamba ilikawia kukauka. Ninachokataa mimi ni kutumia, kwa meza ya kulia chakula, mbao zilizotiwa dawa ya nguzo yenye shaba, kromu na arseniki. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuiuza kwa matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003, nami naona walifanya vyema.

Mbao za sokoni mara nyingi ni mbichi. Zipange kivulini, juu ya matofali, ukitenganisha kila safu kwa vijiti vya unene mmoja ili upepo upite, na uweke uzito juu zisipinde. Ubao wa paini wenye upana wa milimita 150 unaweza kusinyaa milimita nne au tano ukikauka, lakini kwa urefu haupungui kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mbao za juu haziunganishwi kwa gundi kuwa kipande kimoja. Ziache na nafasi ya milimita sita hivi kati yake, na tundu la skurubu katika ubao wa juu liwe pana kidogo kuliko skurubu yenyewe, ili ubao uweze kutanuka na kusinyaa bila kupasuka. Tumia skurubu na bolti zilizopakwa zinki, kwani chuma kitupu hushika kutu na kuitia mbao weusi.

Mguu ndio unaohitaji uangalifu kuliko sehemu nyingine zote. Ncha ya mbao iliyokatwa hunyonya maji kwa kasi kubwa mno kuliko ubavu wake, kwa sababu mirija iliyokuwa ikipandisha maji mtini imebaki wazi. Kabla ya kuunga meza, mimi husimamisha kila mguu ndani ya kopo lenye mafuta ya kitani usiku mzima. Asubuhi utaona mafuta yamepanda juu ya kiwango yalichokuwa kwenye kopo, na ncha imekuwa nyeusi na nzito. Kingo za chini nazipiga randa kidogo ili zisichanike meza inapoburutwa. Kisha meza isimame juu ya jiwe bapa au tofali la saruji, kamwe si juu ya udongo.

Kimo cha sentimita 75 kinatosha, na benchi sentimita 45. Baada ya kupiga msasa, paka mafuta hayo hayo tabaka jembamba jembamba, ukiacha kila moja likauke, na urudie kila Oktoba. Vanishi hupendeza mwanzoni, lakini ikipasuka kwa jua maji hupenya na kufungiwa chini yake, kisha hakuna tiba isipokuwa kuikwangua yote. Matambara uliyopakia mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke moja moja. Yakirundikwa hupata joto na yanaweza kuwaka yenyewe.