Je, wajua kwa nini disko ilihitaji santuri kubwa?

Santuri ndogo ya inchi 7, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya RCA Victor mwaka 1949, ilibeba wimbo wa takriban dakika 3 kila upande, na kwa zaidi ya miaka 20 kipimo hicho ndicho kilichoamua urefu wa nyimbo nyingi za soul na funk nchini Marekani. Redio ilikipenda, na wenye baa pia. Aliyeonewa ni mchezaji, ambaye wimbo ulimkatikia ndio kwanza anapata joto. Rekodi ya James Brown ya mwaka 1965, "Papa's Got a Brand New Bag", ilikaribia dakika 7, ikabidi igawanywe pande mbili. Waliokulia Nairobi au Dar es Salaam enzi za santuri za rumba wanaujua vyema mtindo huo: sehemu ya kwanza ikiisha, mtu aligeuza santuri ndipo aifikie sebene.

Kwa nini wimbo mrefu haukubanwa tu katika upande mmoja? Sababu imo katika mfuo ambao sindano huufuata. Mfuo huo huyumba kushoto na kulia kadiri ya sauti iliyorekodiwa, na hakuna kinachouyumbisha kama besi iliyopandishwa juu. Anayetaka dakika nyingi katika santuri ndogo hulazimika kuisogeza mizunguko ya mfuo karibu karibu, na ili isiingiliane, fundi hupunguza sauti nzima na kuipunguza besi zaidi. Urefu, kwa hiyo, ulilipiwa kwa besi, na disko iliyopokonywa besi sijui imebakiwa na nini cha kumwinua mtu kitini.

Ufumbuzi ulipatikana New York katikati ya miaka ya 1970, tena kwa bahati. Tom Moulton, aliyekuwa akirefusha nyimbo kwa kukata na kuunga tepu, alimpelekea kazi José Rodríguez, fundi wa kukata santuri, siku ambayo sahani tupu za inchi 7, yaani zile ambazo mfuo bado haujachongwa, zilikuwa zimekwisha. Rodríguez akatumia ya inchi 10. Wimbo ulipoonekana umejikunyata katika ukanda mwembamba, huku sehemu kubwa ya sahani ikiwa haina kitu, Moulton alitaka mfuo utandazwe, na sauti ikapandishwa. Besi na ngoma zilitoka kwa nguvu ambayo santuri ndogo haikuwahi kuimudu. Kutoka hapo hadi inchi 12 haikuwa safari ndefu.

Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul iliuzia umma santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja, "Ten Percent" wa kundi la Double Exposure, ambao DJ Walter Gibbons aliurefusha ukapita dakika 9. Gibbons hakurudia beti ili kujaza nafasi. Alizipa nafasi ala zenyewe, ngoma za Earl Young na besi ya Ronnie Baker, wapigaji wa Philadelphia ambao toleo fupi liliwaficha nyuma ya waimbaji. Kwa maoni yangu, humo ndimo ulimo utamu wa muziki huu.

Anayezitafuta nyimbo hizo mtandaoni leo na atazame kwanza muda ulioandikwa kando ya jina: palipo na dakika 3 na ushei, kwa kawaida hilo ni toleo lililokatwa kwa ajili ya redio.