Kakosa mikwaju miwili, basi atemwe? Dhana potofu kuhusu wapiga mikwaju wa futiboli ya Marekani

Ukifanya kazi na wapiga mikwaju, Jumatatu za msimu wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, unazijua. Swali ni lile lile, liwe limetoka kwa kocha wa sekondari, mzazi au shabiki: "Jana kakosa mbili, si wamtoe tu walete mwingine?" Nimelijibu vipande vipande vya kutosha. Leo nalijibu lote kwa mara moja, kisha niguse na zile dhana ndogo zinazoandamana nalo.

Dhana: "Kakosa mitatu kwenye mechi moja, huyo kaisha"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, maana hata timu zenye wataalamu wa kulipwa zinaiamini. Chukua tarehe moja tu, 16 Septemba 2018. Daniel Carlson wa Minnesota, aliyechaguliwa raundi ya 5 ya drafti (zamu ambamo timu huchagua wachezaji wapya) mwaka huo huo, alikosa fildi goli (mkwaju wa pointi tatu kati ya milingoti) zote tatu dhidi ya Green Bay. Mbili kati ya hizo zilikuwa katika muda wa nyongeza, na ya mwisho ilikuwa ya yadi 35 tu, kama mita 32. Mechi ikaisha 29-29, kesho yake akatemwa. Minnesota ikamleta Dan Bailey, wakati huo akiwa miongoni mwa wapigaji sahihi zaidi katika historia ya ligi. Bailey akamaliza msimu na 21 kati ya 28, asilimia 75. Carlson akachukuliwa na Oakland mwezi Oktoba, akapachika 16 kati ya 17.

Siku hiyo hiyo Zane Gonzalez wa Cleveland alikosa fildi goli mbili na pointi mbili za ziada (mkwaju wa pointi moja unaopigwa baada ya timu kufunga tachidauni), timu ikalala 21-18 mbele ya New Orleans, naye akafungashiwa virago. Baadaye ikaripotiwa kwamba kinena kilikuwa kinamsumbua. Msimu wa 2019, akiwa Arizona, alipata 31 kati ya 35.

Sasa itazame Green Bay. Mwaka 2012 Mason Crosby alipata 21 kati ya 33, asilimia 64, takwimu ambazo kwa ligi ile humpeleka mtu nyumbani. Hawakumtoa. Walimletea washindani kambini, akawashinda, na 2013 akapata 33 kati ya 37. Tarehe 7 Oktoba 2018 huko Detroit alikosa tena fildi goli nne na pointi moja ya ziada, timu ikafungwa 31-23. Siku nane baadaye alipiga nne dhidi ya San Francisco akapata zote, na ya mwisho ndiyo iliyoleta ushindi wa 33-30 muda ukiisha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mpigaji wa asilimia 85, akipiga mikwaju minne, ana uwezekano wa asilimia 11 hivi wa kukosa miwili au zaidi. Yaani mechi moja kati ya tisa za aina hiyo, bila mguu wake kubadilika hata kidogo. Akipiga 30 kwa msimu, unategemea apate 25 au 26, lakini bahati peke yake yaweza kumshusha hadi 22 au kumpandisha hadi 29. Mtu yule yule, mwaka huu anaitwa shujaa, mwaka ujao anaitwa mzigo.

Halafu uliza unachokipata ukimbadilisha. Tofauti ya mpigaji wa asilimia 85 na wa asilimia 80, kwa mikwaju 30, ni mkwaju mmoja na nusu. Hizo ni pointi nne na nusu kwa mechi 17 zote. Na unapomtoa humtoi mmoja, unavunja kazi ya watatu: mrushaji, mshika mpira na mpigaji.

Hapo ndipo watu wengi hawaangalii kabisa. Tangu mrushaji, anayeurusha nyuma kupitia katikati ya miguu yake, aachie mpira mpaka mguu uuguse ni sekunde 1.25 hadi 1.3. Mpira unasafiri yadi 7 kwenda nyuma, siku hizi baadhi ya timu zinatumia 8. Mshika mpira anaupokea, anauweka kwenye alama, anauzungusha nyuzi za mshono wake zitazame milingoti, anauinamisha kadiri mpigaji anavyotaka, anaacha kidole kimoja juu. Mpigaji anaanza kutembea kabla mpira haujagusa ardhi, anauamini mkono wa mwenzake. Mpira ukifika chini magotini badala ya mikononi, mshika mpira anachelewa sehemu ndogo sana ya sekunde, mpigaji anasita katika hatua ya mwisho, nyonga inamalizia mzunguko kabla ya mguu, na kwa mpigaji wa mguu wa kulia mpira unakwenda kushoto. Kwenye televisheni unaona mtu kakosa. Kosa lilianza yadi saba mbele yake.

Mfano unaojulikana ni wa Blair Walsh, Januari 2016, mechi ya mtoano dhidi ya Seattle, yadi 27, baridi ya nyuzijoto 20 na zaidi chini ya sifuri kwa Selsiasi. Alikuwa amepachika tatu siku hiyo. Kwenye huo wa mwisho nyuzi za mpira zilikuwa zimemwelekea yeye. Mpira ukaenda kushoto, Minnesota ikatoka kwa 10-9. Mpigaji anatakiwa kupata hata hivyo, hilo silikatai, lakini kikao cha Jumatatu kikimjadili Walsh peke yake, kimejadili theluthi moja ya jambo.

Kwa hiyo kabla ya kumgusa mpigaji, fanya hivi. Weka kamera nyuma ya milingoti na nyingine ubavuni, na kwa kila mkwaju, uliopatikana na uliokosa, andika umbali, upande wa uwanja, muda wa sekunde, nyuzi zilitazama wapi, mpira ulisimama kwenye alama au pembeni, mguu wa kusimamia ulitua wapi, mpira ulikwenda upande gani na kwa kimo gani. Ukipata mikwaju kumi iliyokosa, kwa kawaida picha inajitokeza. Yote ikienda upande mmoja, hilo ni kosa la mbinu na linarekebishika: nyonga zikifunga mapema mpira unavutwa kushoto, zikibaki wazi unasukumwa kulia. Ikitawanyika huku na huku, shuku muda au mguu wa kusimamia unaoteleza, angalia hata njumu. Ikianza kufa njiani kutoka umbali aliokuwa akiufikia, usimpeleke kwa mwanasaikolojia, mpeleke kwa daktari. Harrison Butker wa Kansas City aliumia kifundo cha mguu mechi ya kwanza ya 2022, akamaliza msimu na 18 kati ya 24. Hawakumtema. Mkwaju wake wa yadi 27 ndio uliowapa Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2023, na msimu uliofuata alipata 33 kati ya 35.

Ushauri wangu ambao sitauacha: badilisha mshika mpira kabla ya kubadilisha mpigaji. Shule nyingi zinampa kazi hiyo kotabeki (mrusha pasi) wa akiba ambaye anaifanyia mazoezi dakika kumi kwa siku. NFL wanampa mpiga panti, yule anayeupiga mpira mbali kuwaachia wapinzani, kwa sababu yeye na mpigaji wanashinda pamoja mazoezi mazima. Hata shuleni mpe mtu mwenye muda, mikono mizuri na roho tulivu, apokee mipira 50 kila siku.

Na kama hofu ni kubwa, leta bima bila kuvunja nyumba. Januari 2023 Brett Maher wa Dallas, aliyekuwa na 29 kati ya 32 msimu mzima, alikosa pointi nne za ziada kwenye mechi moja ya mtoano huko Tampa. Timu ilishinda. Wakamwongeza mpigaji mwingine kwenye kikosi cha mazoezi, Maher akapewa mechi iliyofuata, na mabadiliko yakafanyika msimu ulipokwisha. Mchezaji wa kikosi cha mazoezi anaweza kupandishwa siku ya mechi hadi mara tatu kwa msimu bila kusajiliwa kikosini. Muda huo unatosha kuujua ukweli.

Dhana: "Angalia asilimia, inasema yote"

Asilimia bila umbali haisemi lolote. Kwa miaka ya karibuni, wapigaji wa NFL wanapata chini ya yadi 40 karibu asilimia 95, kati ya 40 na 49 karibu 80, na 50 kwenda juu karibu theluthi mbili au zaidi kidogo. Tuseme mpigaji wa kwanza kapiga 12 za karibu, 8 za kati na 10 za mbali, akapata 25. Mpigaji wa kawaida kwa orodha hiyo angepata 24 na ushei, kwa hiyo huyu yuko juu. Wa pili kapiga 20 za karibu, 8 za kati na 2 za mbali, akapata 26. Wa kawaida angepata 27 hivi, kwa hiyo huyu yuko chini. Gazetini wa pili anaonekana bora kwa asilimia tatu. Daftari la umbali linachukua robo saa tu kuandaa, na sielewi kwa nini makocha wengi hawana.

Dhana: "Mkwaju uliozuiwa ni wake pia"

Kwenye takwimu, ndiyo, unahesabiwa kama kukosa. Kwenye kuamua, hapana, mpaka ujue mpira ulipita kwa kimo gani na nani alipenywa kwenye safu inayomlinda mpigaji. Cody Parkey wa Chicago anakumbukwa kwa yadi 43 za Januari 2019, mpira ukigonga mlingoti kisha mwamba, Philadelphia ikashinda 16-15. Vidole vya Treyvon Hester viliugusa, na ligi ikauandika kuwa umezuiwa. Chicago walikuwa na sababu nyingine za kumwacha: alikuwa na 23 kati ya 30, na Novemba 2018 aligonga milingoti mara nne katika mechi moja dhidi ya Detroit. Hizo ndizo za kuzijadili.

Dhana: "Pointi ya ziada ni zawadi"

Ilikuwa hivyo hadi 2014, mpira ukipigwa kutoka yadi 20 hivi. Tangu 2015 ni yadi 33. Anayekosa moja kwa mwezi si mgonjwa.

Dhana: "Aliyefikisha yadi 60 kwenye majaribio ndiye wa kuchukua"

Kwenye majaribio kila mtu ana mguu. Anapiga bila beki, mpira umewekwa kwenye kishikizo cha chuma, anarudia hadi anapata joto. Mechi haiko hivyo. Majaribio ya maana yanatumia mrushaji na mshika mpira wako, mabeki wanaokuja kweli, alama za kushoto na za kulia za uwanja, na kungoja: piga mmoja, kaa benchi dakika kumi, inuka upige mwingine bila kujipasha. Fanya siku mbili. Hata hivyo mikwaju 20 haiwezi kukutenganishia mtu wa 85 na wa 80, kwa hiyo usihesabu magoli peke yake. Tazama kama mpira unazunguka vile vile kila mara na kupita safu kwa kimo kile kile.

Dhana: "Mtoto wangu anacheza soka, hiyo kazi ataiweza wiki moja"

Wazazi wetu walioko Marekani, hili ni lenu. Brandon Aubrey wa Dallas alitokea soka kweli, alichaguliwa na timu ya soka ya Toronto FC 2017, lakini alijifunza kwa miaka na kucheza misimu miwili Birmingham katika USFL, ligi ndogo ya futiboli, kabla ya kupata 36 kati ya 38 mwaka 2023. Sekondari zinaruhusu kibao cha kuinulia mpira hadi inchi 2, na milingoti ina upana wa mita 7.1. Chuoni kibao hakuna kwenye fildi goli na milingoti ni mita 5.6. Mwanzishe mapema kupiga mpira ulio ardhini bila kibao, mwaka wa pili wa sekondari ukiweza.

Dhana: "Mpigie taimauti, atavunjika moyo"

Ukisimamisha mchezo kabla hajapiga, mara nyingi unampa mkwaju wa mazoezi wa bure. Itunze taimauti yako.

Basi atolewe lini?

Anapokosa chini ya yadi 40 mara kwa mara huku mpira ukifika vizuri na nyuzi ziko mbele. Anapokuwa chini ya matarajio ya umbali kwa mikwaju minne au zaidi katika 40 au 50 za karibuni, na marekebisho ya mbinu yameshajaribiwa. Roberto Aguayo, aliyechaguliwa na Tampa Bay raundi ya 2 mwaka 2016, alipata 22 kati ya 31, makosa yakaendelea hadi mechi za maandalizi za 2017, wakamwacha Agosti, na hawakukosea. Au mwili unapokataa: Adam Vinatieri, gwiji wa kweli, mwaka 2019 akiwa na goti bovu alipata 17 kati ya 25 na kukosa pointi sita za ziada.

Ukishaamua, fanya Jumanne. Mpigaji mpya apate Jumatano, Alhamisi na Ijumaa na mrushaji na mshika mpira wake, mikwaju 30 hadi 35 kwa siku mbili za kwanza na 10 tu Ijumaa, ya kwanza yote kutoka yadi 33 hadi muda ushuke chini ya sekunde 1.3. Ukimsajili Ijumaa jioni, Jumapili utampigisha na watu wasiomjua, na lile swali la Jumatatu litakuwa ni la kwako.