Sambusa za Shughuli: Yanayosemwa Jikoni na Ukweli Wake

Iwe ni akdi inayofungwa Ng'ambo mjini Unguja, maulidi ya mtaani Wete kule Pemba au futari ya kualika jamaa katika mwezi wa Ramadhani, sinia ya sambusa haikosi, na mara nyingi ndiyo inayomalizika kabla ya nyingine. Kwa kuwa kila nyumba ina mpishi wake, na kila mpishi ana aliyoyapokea kwa wakubwa zake, yamejengeka maneno mengi kuhusu sambusa ambayo hurudiwa kwa uhakika mkubwa ilhali hayana msingi. Baadhi yake huharibu ladha tu, na mengine yanaweza kuwalaza wageni hospitali. Ukiyachunguza, utaona kwamba karibu yote yanatokana na kutozingatia unyevu. Sambusa ni kazi ya kuyaondoa maji mahali yasipotakiwa, kuanzia kwenye manda, yaani ganda la unga la kufungia, na nyama ya ndani hadi kwenye chombo cha kupakulia, na viungo, pamoja na heshima yao yote, huja baada ya hapo.

Dhana: "Manda ikiwa nene haipasuki"

Hii ndiyo dhana inayoharibu sambusa nyingi kuliko zote, kwa sababu inaonekana kuwa na mantiki. Manda nene inapotiwa katika mafuta ya moto, upande wake wa nje hukauka na kuwa mgumu wakati upande wa ndani bado una maji. Maji hayo hugeuka mvuke, mvuke hutafuta pa kutokea, na penye mkunjo ndipo panapofumuka kwanza. Isitoshe, kwenye kona ambako manda hukutana mikunjo miwili au mitatu, unene huo huacha unga mbichi unaonata menoni hata kama sambusa imeshapata rangi nzuri. Manda nyembamba hukauka yote kwa wakati mmoja, na ndiyo maana huwa kavu na hulia inapovunjwa.

Njia waliyotuachia wakubwa wetu ya kuipata manda hiyo ina hekima kubwa, na inasikitisha kwamba wengi sasa wanaiacha kwa kudhani kuwa ni usumbufu usio na faida. Unga wa ngano hukandwa kwa maji na chumvi mpaka ulainike, kisha hupumzishwa kama nusu saa chini ya kitambaa chenye unyevu kidogo ili usirudi nyuma unaposukumwa. Madonge madogo husukumwa kwa upana wa kisahani, yakapakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, halafu manne au matano yakapangwa moja juu ya jingine na kusukumwa yote kwa pamoja mpaka yawe mapana kama chapati kubwa. Mafuta na unga vinazuia tabaka zisishikane, na kila tabaka inailinda mwenziwe isichanike, kwa hiyo unapata wembamba ambao haupatikani kwa kusukuma donge moja peke yake. Mpango huo hupitishwa juu ya chuma cha chapati kilichopata moto, bila mafuta, kwa sekunde chache kila upande. Makusudio si kuupika mpaka uwe na madoa, bali ni kuufanya unga ushikamane na uache kunata. Manda zibanduliwe zikiwa bado na moto, kwani zikipoa hugandana, na baada ya kukatwa robo nne zifunikwe kwa kitambaa ili zisikauke na kuvunjika wakati wa kufunga.

Wapo wanaotia hamira au baking pauda wakiamini kwamba ndiyo inayoleta ukavu. Ukweli ni kinyume chake, kwa sababu hewa inayotokana na hamira huijaza manda malengelenge, na vitundu hivyo ndivyo vinavyonyonya mafuta. Kwa kufungia, uji mzito wa unga wa ngano na maji unatosha, lakini maji matupu hayatoshi. Mpishi aiangalie zaidi ncha ya chini ya pembe, kwani tundu dogo lililobaki hapo ndilo linaloingiza mafuta ndani na kutoa nyama nje, na halionekani mpaka sambusa iwe imeshaingia karaini.

Dhana: "Nyama yenye mchuzi ndiyo tamu"

Utamu wa nyama ya sambusa umo katika kukauka kwake. Nyama ya kusaga hutiwa thomu (kitunguu saumu), tangawizi, chumvi na ndimu, na huwekwa motoni bila kuongezwa maji hata kidogo, kwa kuwa yenyewe itatoa maji ya kutosha kuivia. Kosa la wengi ni kuiepua maji hayo yanapopungua, wakati inatakiwa ibaki motoni mpaka mlio wa kuchemka ubadilike na kuwa mlio wa kukaanga. Wakati huo ndipo bizari ya pilau na pilipili manga zinapoingia, na nyama itakuwa imepungua uzito kama robo.

Kuhusu vitunguu, mjadala ni mkubwa. Wanaovipika pamoja na nyama husema kwamba kitunguu kibichi huleta maji. Mimi naona kwamba desturi ya Unguja ya kuvikatakata vidogo sana na kuvichanganya nyama ikiwa imeshapoa ndiyo sahihi zaidi, kwani maji ya kitunguu kibichi hubaki ndani ya kitunguu chenyewe mpaka chumvi au moto uyatoe, na muda wa kukaanga sambusa ni mfupi mno kufanya hivyo. Sharti lake ni kwamba vichanganywe karibu na wakati wa kufunga. Vikilala usiku mzima ndani ya nyama yenye chumvi, asubuhi utakuta bakuli lina maji. Kotmiri nayo ioshwe mapema na ikaushwe kwa kitambaa kabla ya kukatwa. Nyama itandazwe kwenye sinia ipoe kabisa, maana nyama ya moto hutoa mvuke unaoilowesha manda kwa ndani, na manda iliyolowa hutoboka.

Inasemwa pia kwamba kutia kabeji au viazi ni uchoyo, na kwamba wapishi wa siku hizi ndio walioanzisha jambo hilo. Wengine hugeuza maneno na kusema kuwa sambusa ya asili ni ya viazi kwa sababu ilitoka India. Madai yote mawili hayasimami. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika Qanbalu mnamo mwaka 916, mahali ambapo wanahistoria wengi wanapaweka Ras Mkumbuu huko Pemba, amenukuu shairi lililosomwa mbele ya khalifa linaloeleza namna ya kutengeneza sambusa. Ndani yake mmetajwa nyama nyekundu iliyokatwakatwa, kitunguu, kabeji mbichi, bizari, tangawizi, pilipili manga, na karafuu kidogo sana. Viazi havimo wala visingeweza kuwemo, kwa kuwa vilikuja kutoka Amerika karne nyingi baadaye. Kabeji basi ina haki ya zaidi ya miaka 1000 ndani ya sambusa, mradi itiwe chumvi, iachwe itoe maji na ikamuliwe vizuri. Viazi havikatazwi, ila visagwe vikiwa vikavu.

Dhana: "Samaki akikaangwa sana hana madhara"

Sambusa za samaki ni fahari ya Pemba, na jodari aliyechemshwa kwa ndimu na chumvi, akachambuliwa na kukaushwa kwenye sufuria, hana mfano. Hata hivyo, hapa ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaijui. Jodari, nguru, vibua na jamaa zao wana kemikali ndani ya nyama yao ambayo, samaki akikaa katika joto baada ya kuvuliwa, bakteria huigeuza kuwa histamini. Histamini haiondolewi kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha. Samaki aliyeshinda juani anaweza asitoe harufu mbaya, akapikwa kwa uangalifu wote, na bado akamfanya mlaji apate wekundu usoni, maumivu ya kichwa, mwasho na mapigo ya moyo ya haraka muda mfupi baada ya kula. Mara nyingi watu hudhani ni mzio, au humlaumu mpishi kwa viungo vyake.

Kinga pekee ni barafu tangu chomboni mpaka jikoni. Anayenunua samaki wa shughuli, awe sokoni au gatini, na amwulize mchuuzi samaki alivuliwa lini na alihifadhiwa vipi, na asione haya kuondoka ikiwa jibu halimridhishi. Kipande kinachowasha ulimi kama pilipili, na pilipili haikutiwa, kiachwe, ingawa kutowasha pia si dhamana.

Dhana: "Moto mkali hukausha, moto mdogo huivisha ndani"

Watu hutamka maneno haya mawili kwa pamoja bila kuona kwamba yanapingana. Nyama ya sambusa imeshaiva kabla ya kufungwa, kwa hiyo hakuna cha kusubiri ndani, na kazi ya mafuta ni kuikausha manda na kuipasha moto nyama. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 170 na 180 za sentigredi. Chini ya hapo, maji hutoka katika manda polepole na mafuta huchukua nafasi yake. Juu ya hapo, rangi hutangulia ukavu, na sambusa iliyoonekana nzuri hulainika baada ya dakika chache. Asiye na kipimajoto akate kipande cha manda akitie karaini. Kikizama na kukaa chini, mafuta bado. Kikipanda mara moja huku kikizungukwa na mapovu madogo yasiyokatika, mafuta ni tayari. Mafuta yakianza kutoa moshi, karai iepuliwe. Kwenye seredani ya mkaa jambo hili linahitaji jicho la karibu, kwa sababu moto haupunguziki kwa kugeuza kitufe. Karai isijazwe pia, kwani kila sambusa inayoingia inashusha joto.

Kuna jambo ambalo hata wapishi wazoefu hulipuuza. Sehemu kubwa ya mafuta huingia katika sambusa baada ya kuepuliwa, wakati inapopoa, kwa sababu mvuke uliokuwamo unapogeuka maji huacha nafasi inayoyavuta mafuta yaliyoko juu ya ngozi. Kwa hiyo sambusa zikung'utwe hapo hapo juu ya karai zikiwa bado zinachemka, kisha zisimamishwe kwenye chujio, zisilundikwe. Kuzilaza juu ya gazeti ni desturi ya kuachwa, kwani mafuta ya moto huyeyusha wino na kuutia katika chakula.

Baada ya hapo huja hotipoti. Wengi huamini kwamba sambusa zikifungiwa humo zitabaki kama zilivyotoka karaini, lakini kinachofungiwa humo ni mvuke, na baada ya nusu saa sambusa huwa laini kama chapati. Kawa letu la ukili linafanya kazi hii vizuri zaidi, kwa sababu linazuia nzi na vumbi huku likiuachia mvuke njia. Ikiwa wageni watachelewa sana, bora kukaanga kwa mafungu kuliko kukaanga zote na kuzifunika.

Dhana: "Kilicholala hupashwa moto tu"

Ndimu, thomu na viungo havihifadhi nyama iliyopikwa. Chakula cha aina hii hakitakiwi kukaa katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, na siku ambazo joto linapita nyuzi 32, kama mchana mwingi wa kaskazi, muda huo hupungua mpaka saa 1. Sababu ya kutotegemea kupasha moto ni kwamba baadhi ya bakteria, hasa wale wanaotoka katika mikono na pua za wapishi wenyewe, huacha sumu ambayo haifi hata kwa kuchemshwa. Katika shughuli ambamo akina mama kumi wanafunga sambusa kwa pamoja, kunawa mikono kwa sabuni kunastahili kusimamiwa kama zinavyosimamiwa chumvi na pilipili.

Njia ya kujipunguzia kazi ipo, nayo ni kugandisha sambusa zilizofungwa bila kukaangwa. Kilo 1 ya nyama ya kusaga pamoja na vitunguu vyake hutoa sambusa ndogo 40 hadi 50, kwa hiyo wageni 100 wakikadiriwa sambusa 3 kila mmoja, zitahitajika kilo 6 hadi 7 na nusu za nyama na manda 75 za duara kabla ya kukatwa, yaani mipango 15 ya manda tano tano. Hiyo si kazi ya asubuhi moja. Sambusa zipangwe kwenye sinia bila kugusana, zigandishwe mpaka ziwe ngumu, ndipo zitiwe mifukoni na kuwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Wanaosema kwamba lazima ziyeyushwe kabla ya kukaangwa wanakosea, kwani barafu inayoyeyuka huilowesha manda na sambusa hushikana na kuchanika. Zitiwe karaini zikiwa ngumu, chache chache, na mafuta yaachwe yarudishe joto kabla ya fungu la pili.

Linabaki suala la umeme, na waliokuwepo Unguja wakati kisiwa kilipokosa umeme tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kukumbushwa. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi ubaridi wake kwa takriban saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Sambusa ambazo bado zina barafu ndani yake zinafaa kukaangwa au kugandishwa tena. Zilizokwisha kulainika na kupata uvuguvugu, na haijulikani tangu lini, zitupwe, hata ikiwa ni asubuhi ya shughuli yenyewe na wageni wameshaanza kuingia.