Ubaguzi wa kitaasisi maana yake nini?

Mwanzoni mwa Mei 1993, mama mmoja wa London, Doreen Lawrence, aliingia kwenye kikao na ofisa mwandamizi wa polisi akiwa na kikaratasi. Kilikuwa na majina ya vijana ambao watu wa mtaani walikuwa wakiwataja kuwa ndio waliomuua mwanawe, Stephen, wiki mbili kabla. Ofisa alikipokea. Mazungumzo yakiendelea, akawa anakikunja na kukikunja tena mpaka kikabaki kidude kidogo mkononi. Doreen alieleza baadaye mbele ya tume iliyoichunguza kesi hiyo kwamba alimwambia ofisa yule waziwazi: bila shaka kinachofuata sasa ni pipa la taka.

Je, ofisa huyo alikuwa mbaguzi wa rangi? Hakutukana mtu. Hakumfukuza mama wa watu. Inawezekana kabisa mikono yake ilikuwa inacheza tu na karatasi huku akili iko kwingine. Ukimtafuta mtu mwenye chuki katika chumba kile, huenda usimpate. Hata hivyo, mama mweusi aliyefiwa alitoka pale akijua kwamba alicholeta hakikuwa na uzito. Dhana ya ubaguzi wa kitaasisi inaanzia hapo.

Stephen Lawrence alikuwa na miaka 18, mwanafunzi aliyetaka kuwa msanifu majengo. Usiku wa 22 Aprili 1993 yeye na rafiki yake Duwayne Brooks walikuwa wakisubiri basi Well Hall Road, Eltham, kusini-mashariki mwa London. Kundi la vijana wa Kizungu likavuka barabara, tusi la rangi likatoka, wakamvaa Stephen. Alichomwa kisu mara mbili, akakimbia zaidi ya mita mia moja akivuja damu, akaanguka.

Polisi waliofika walimkuta Duwayne anahangaika huku na huko, anafoka, anauliza gari la wagonjwa liko wapi. Hivyo ndivyo anavyokuwa mtu yeyote ambaye rafiki yake anakata roho mbele yake. Wao walimwona kijana mweusi mkali. Inspekta mmoja akadhani palikuwa na ugomvi wa vijana, akaenda kuulizia kwenye baa ya karibu. Huduma ya kwanza ya maana haikutolewa. Ndani ya siku mbili majina ya washukiwa yalikuwa yamefika polisi kwa njia kadhaa: barua iliyoachwa kwenye kibanda cha simu, mtu aliyejipeleka kituoni mwenyewe. Hakuna aliyekamatwa mpaka wiki mbili zilipopita. Katika muda huo, mpiga picha wa polisi aliyewekwa kuwachunguza alimwona mshukiwa mmoja akitoka nyumbani kwao na mfuko uliojaa kitu kama nguo, lakini hakuwa na simu ya kumpigia mtu yeyote. Mfuko ukaenda.

Familia ilipigania haki kwa miaka. Waendesha mashtaka waliifuta kesi katikati ya 1993, wakisema ushahidi hautoshi. Wazazi wakafungua mashtaka yao wenyewe, nayo yakaanguka mwaka 1996. Serikali ilipobadilika mwaka 1997, waziri wa mambo ya ndani Jack Straw aliunda tume chini ya jaji mstaafu, Sir William Macpherson, na ripoti ikatoka Februari 1999. Ndani yake mna maelezo ya ubaguzi wa kitaasisi ambayo mpaka leo ndiyo yanayogombaniwa Uingereza. Kwa Kiswahili changu ni hivi: ni kushindwa kwa taasisi nzima kuwapa watu huduma inayostahili kwa sababu ya rangi, utamaduni au asili yao, na kushindwa huko huonekana katika taratibu, mitazamo na mienendo inayowaumiza watu wa jamii za wachache kupitia upendeleo usiojijua, ujinga, kutofikiri na kuwapachika watu sura moja.

Neno zito hapo ni "usiojijua". Miaka 18 kabla, baada ya ghasia za Brixton, London, za 1981, jaji mwingine, Lord Scarman, alikuwa ameikataa lugha hiyo. Hoja yake ni kwamba ukimaanisha Uingereza ni jamii inayowabagua weusi kwa kujua na kwa sera, yeye analikataa dai hilo. Macpherson hakusema ipo sera. Alichosema ni kwamba hata bila sera wala kusudi, matokeo yanaweza kuwa yaleyale, na anayeumia haponi kwa kuambiwa kwamba hawakukusudia.

Wenye dhana yenyewe hawakuwa majaji. Iliwekwa kwenye maandishi mwaka 1967 na Wamarekani wawili, Stokely Carmichael na Charles Hamilton. (Carmichael ndiye aliyekuja baadaye kujiita Kwame Ture, kwa heshima ya Nkrumah na Sékou Touré; mwaka huohuo wa 1967 alipita Dar es Salaam.) Mfano wao ulikuwa wa mji wa Birmingham, Alabama. Kanisa likilipuliwa na wasichana wanne weusi wakafa, kila mtu anaona ubaguzi na kulaani. Watoto wachanga weusi wakifa kwa mamia mjini humohumo kwa kukosa chakula, makazi na matibabu, vifo vyote hivyo vinapita bila mtu wa kumlaani.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda Alabama. Kwa miongo kadhaa, Mkenya mwenye asili ya Kisomali alipokwenda kuomba kitambulisho alipigwa msasa kwanza: athibitishe babu yake ni nani, alete wazee wa kumshuhudia, arudi wiki ijayo. Mwenzake wa Nyeri alijaza fomu akaondoka. Karani anayempiga msasa anaweza kuwa mtu mpole, hata akawa Msomali mwenyewe. Umwondoe karani huyo, umlete mwingine mwema zaidi, foleni itabaki ileile, maana utaratibu ndio unaobagua. Mwezi Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuuondoa utaratibu huo, naye alitangazia Wajir, kaunti ya Wasomali, sio Nairobi.

Kwa hiyo ukisikia kwamba jeshi fulani la polisi "lina ubaguzi wa kitaasisi", usisikie "kila askari ni mbaguzi". Hapo ndipo mabishano mengi hupotelea. Askari wa kawaida husikia ametukanwa yeye binafsi, chama chake hutoa tamko, wanasiasa hudandia, na ile karatasi iliyokunjwa husahaulika. Lakini nikiri kwamba dhana hii ina udhaifu wake, na wanaoipinga si wote wabishi. Taasisi ikiwa ndiyo mkosaji, mtu mmojammoja anaweza kujificha nyuma yake. Baada ya ripoti ya Macpherson hakuna ofisa hata mmoja aliyefukuzwa kazi kwa uzembe wa kesi ya Stephen. Wengi wa waliolaumiwa walikuwa wamekwisha kustaafu na pensheni zao.

Na vyombo vya habari? Mwandishi wa habari za uhalifu, awe London au Mwanza, anaishi kwa simu ya polisi. Wao ndio wenye jina la marehemu, saa ya tukio na idadi ya waliokamatwa. Magazeti yetu yana sentensi ambayo kila msomaji anaijua kwa moyo: "Kamanda wa Polisi wa mkoa huo amethibitisha kutokea kwa tukio hilo." Ikishaandikwa, habari imekuwa kweli. Na yupo dada yake, sentensi ya "majambazi waliouawa katika majibizano ya risasi". Mwandishi hakuwepo. Maiti haijibu.

London nako waliipata yao. Tarehe 4 Agosti 2011, huko Tottenham, polisi walimpiga risasi na kumuua Mark Duggan, mwanamume wa asili mseto, akiwa ameshuka kwenye teksi. Habari za mwanzo zilisema risasi zilirushwa na pande zote mbili. Haikuwa hivyo, risasi zote zilikuwa za polisi, na chombo huru cha kusimamia malalamiko dhidi ya polisi kilikuja kukiri kwamba huenda kiliwapotosha waandishi. Mwaka 2014 jopo la raia katika uchunguzi wa kifo chake liliamua kwamba aliuawa kihalali, uamuzi ambao familia yake iliukataa. Lakini neno la kwanza lilikuwa limeshafanya kazi yake, na mji ulikuwa umeshawaka moto.

Katika kesi ya Stephen gazeti lililogeuza mambo lilikuwa la mwisho kutarajiwa. Daily Mail ni gazeti la kihafidhina, lisilo na sifa ya kuwatetea wahamiaji. Tarehe 14 Februari 1997 lilichapisha ukurasa wa mbele picha tano na majina matano, likawaita wauaji, likawaambia kama tumekosea tushitakini. Hawakushitaki. Mhariri wake, Paul Dacre, alikuwa amewahi kumpa baba yake Stephen, Neville, kazi ya ukarabati nyumbani kwake. Sijui familia ngapi zimepoteza mtoto bila kuwahi kumpakia lipu mhariri wa gazeti kubwa. Hadithi hiyo haikuishia vizuri hata hivyo: mwaka 2022 Doreen mwenyewe aliipeleka mahakamani kampuni inayolichapisha gazeti hilo, akidai habari zake zilipatikana kwa njia haramu, nayo kampuni ikakanusha.

Kabla ya ukurasa ule, magazeti ya watu weusi kama The Voice yalikuwa yakiandika habari za polisi na vijana weusi tangu miaka ya 1980. Yalisomwa na walewale waliokuwa wakisimamishwa barabarani na polisi ili wapekuliwe.

Kusimamishwa kwenyewe kunapimika. Katika mwaka ulioishia Machi 2023, Uingereza na Wales, mtu mweusi alikuwa na uwezekano wa kupekuliwa na polisi takriban mara 4 kuliko mzungu. Miaka miwili kabla ilikuwa mara 7. Kila upekuzi una sababu yake iliyoandikwa kwenye fomu, na nyingi zinasomeka vizuri. Ni zikirundikwa pamoja ndipo sura inapojitokeza, na ndiyo maana dhana hii huishi kwenye takwimu kuliko kwenye ushuhuda wa askari mmoja.

Mwezi huohuo wa Machi 2023, Louise Casey alitoa tathmini yake ya polisi wa London, iliyoagizwa baada ya askari wa jeshi hilohilo kumteka na kumuua mwanamke, Sarah Everard, mwaka 2021. Alisema jeshi hilo lina ubaguzi wa kitaasisi: wa rangi, dhidi ya wanawake na dhidi ya mashoga. Mkuu wa polisi, Sir Mark Rowley, aliyakubali aliyoyakuta Casey, akaomba radhi, ila neno "kitaasisi" akakataa kulitamka. Alisema lina maana nyingi na limeingizwa kwenye siasa. Kwangu mimi huo ni ubishi wa mgonjwa anayekubali homa, malengelenge na jina la dawa, ila jina la ugonjwa halitaki.

Watu wawili, Gary Dobson na David Norris, walitiwa hatiani kwa mauaji ya Stephen mwaka 2012, miaka 18 na ushee baada ya usiku ule. Uingereza ilikuwa imebidi ibadilishe sheria iliyomzuia mtu aliyeachiwa huru kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, na ushahidi ulikuwa ni pamoja na chembe ya damu ya Stephen isiyozidi nusu milimita kwenye ukosi wa koti la Dobson. Agosti 2020 polisi walitangaza kwamba hawana tena njia ya kuufuatilia upelelezi huo. Mwaka 2023 BBC ilimtaja hadharani mshukiwa wa sita na kuonyesha jinsi polisi walivyomwacha apite, nao wakaomba radhi. Mtu huyo alikuwa ameshafariki mwaka 2021.