Kujadili Majibu Baada ya Mtihani: Wakati Gani Kunafaa

Watahiniwa wakishatoka tu kwenye chumba cha mtihani, kinachosikika kwanza mlangoni huwa ni "La tano umepata ngapi?" Sisi tunaotoa ushauri nasaha kwa wanafunzi huulizwa mara kwa mara na wazazi na walimu kama mazungumzo hayo yapigwe marufuku. Maoni yetu ni kwamba yanamfaa sana mwanafunzi aliyemaliza karatasi zake zote, lakini yanamdhuru yule ambaye bado anasubiri karatasi nyingine, hasa ikiwa ni ya siku hiyo hiyo.

Karatasi iliyokwisha kukusanywa haibadiliki, ila wasiwasi unaotokana na kulinganisha majibu huingia na mtahiniwa kwenye karatasi inayofuata. Uwezo wa akili wa kushikilia mambo kwa wakati mmoja ni mdogo, na anayekokotoa huku akihesabu alama anazodhani amepoteza asubuhi hujikuta anasoma swali moja mara mbili au tatu bila kulielewa. Isitoshe, kortisoli, ambayo ni homoni ya msongo, hufikia kilele takriban dakika 20 hadi 30 baada ya mtu kupatwa na fadhaa, kwa hiyo ubishi wa robo saa kabla ya karatasi ya pili huwa umetokea katika wakati mbaya kabisa.

Lipo tatizo lingine ambalo, kwa maoni yangu, halisemwi vya kutosha: mjadala wa mlangoni hauna msahihishaji. Tuchukue swali la bei iliyopanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Wanafunzi watatu wanakubaliana kwamba bei imerudi pale pale ilipoanza, na wa nne, aliyeandika kuwa imebaki asilimia 96 ya bei ya mwanzo, anaondoka akiamini amekosa, ingawa ni yeye peke yake aliyepata. Kosa linalofanywa na wengi hupata nguvu ya ushahidi kwa sababu tu limerudiwa na wengi. Majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch, yaliyochapishwa mwaka 1951, yalionyesha kuwa hata katika jambo rahisi kama kulinganisha urefu wa mistari, takriban theluthi moja ya majibu ya washiriki yalifuata kosa la kundi zima. Tena, kutofautiana kwa jibu la mwisho hakuonyeshi alama alizopata mtu, kwa kuwa katika hisabati alama nyingi hutolewa kwa hatua za kukokotoa, na katika insha hoja zaidi ya moja hukubaliwa.

Mitihani yote ikishakwisha, hali hubadilika. Utafiti wa wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena, maana yake mtihani wenyewe ni njia ya kujifunza, ilimradi makosa yarekebishwe. Nao watafiti Butterfield na Metcalfe, mwaka 2001, walibaini kwamba kosa ambalo mtu alikuwa na uhakika nalo, akilirekebisha, marekebisho hayo hukaa akilini kuliko ya jibu alilobahatisha. Kwa hiyo kila mmoja aandike kwanza alivyofikia jibu lake kabla ya kusikia la mwenzake, kisha wote walinganishe na kitabu au mwongozo wa usahihishaji, wakiulizana "umefikaje hapo?" badala ya "umepata ngapi?"

Kumwambia rafiki kwamba karatasi ilikuwa ngumu ni jambo tofauti, na wapo wanaohitaji kulisema ili watulie. Asiyetaka kusikia majibu na awaambie wenzake mapema, kabla hawajaingia ndani, kwa sababu mlangoni ni vigumu kukwepa.

Wanaotuma maswali kwenye makundi ya simu wasome kwanza kanuni za mtihani wao. International Baccalaureate, shirika linaloendesha mitihani ya shule katika nchi nyingi, kwa mfano, hukataza watahiniwa kujadili yaliyomo kwenye karatasi na watu walio nje ya jumuiya ya shule yao ndani ya saa 24, kwa kuwa kutokana na tofauti za saa duniani, kuna wenzao mahali pengine ambao bado hawajaifungua karatasi hiyo.